Mradi wa GC8, Nakuru: injini inagonga wapi?

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 1997, bodi ya GC8, injini ya EJ20K yenye tabo: silinda nne zilizolala, ujazo wa sisi (cc) 1,994. Liko Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi hapa hutoa kila sauti iliyojificha ndani ya chuma. Injini hii ina sauti tatu. Watu wengi wakisikia Subaru ya zamani ikigonga hukata shauri papo hapo: beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zimekwisha, shusha injini. Hukumu hiyo ni ghali mno kutolewa kwa kusikiliza dakika moja. Awamu hii imekuwa ya kuzitenga sauti moja moja, tukianza na vipimo visivyo na gharama.

Sauti ya kwanza ni tik-tik ya upande wa kulia. Hutoka injini ikiwa baridi, kisha hufifia ikipata joto. Washukiwa ni wawili: pistoni inayocheza ndani ya silinda, jambo la kawaida kwa injini za Subaru za familia ya EJ zenye umri, au gesi inayovuja kwenye manifoldi ya ekzosi. Chuma kikipata joto hutanuka, kwa hiyo zote mbili hupungua. Ukichomoa waya wa injekta ya silinda husika, zote hupungua pia. Kinachozitofautisha ni masizi yanayoachwa na gesi inayovuja. Tulipofungua ngao ya joto tulikuta mstari mweusi kwenye gasketi ya silinda namba 3, ile ya nyuma kulia. Mpira mwembamba wa urefu wa mita moja, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa taratibu kando ya gasketi, ulithibitisha. Nati za manifoldi ziloweshwe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha kabla ya kuguswa. Stadi ikikatikia kwenye hedi ya aluminiamu, kazi ya saa moja hugeuka kazi ya mashine. Gasketi mpya ikafungwa, sauti ikaisha.

Ya pili ndiyo iliyotia hofu: kugonga kuzito kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika, hasa mguu ukiachia mafuta. Hivyo ndivyo konrodi hugonga.

Tulianza na presha ya oili. Swichi yake iko chini ya altaneta, nyuzi zake za kufungia ni za BSPT (kipimo cha Uingereza) ya inchi moja ya nane. Geji nyingi madukani huja na nyuzi za NPT (kipimo cha Marekani), ambazo hushika mizunguko ya mwanzo kisha hukaza. Ukilazimisha unapasua bloku, kwa hiyo tafuta adapta. Oili ikiwa na joto la nyuzi 80 za Selsiasi, kitabu cha ufundi kinataka kPa 98 injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, na kPa 294 kwa mizunguko 5,000. Injini hii ilivuka vipimo vyote viwili. Kisha filta ya oili ikapasuliwa kwa kikata bomba. Msumeno haufai, maana humwaga chembe zake ndani na kukudanganya. Karatasi ilikunjuliwa juani: hapakuwa na vipande vinavyong'aa. Sumaku peke yake haitoshi hapa, kwa sababu madini ya beringi hayashikwi na sumaku.

Baada ya hapo tulichomoa waya za injekta, moja baada ya nyingine. Tunachagua injekta badala ya koili ili petroli isiyoungua isioshe oili kwenye kuta za silinda. Beringi ya konrodi ikiwa imeliwa, mgongano hupungua waziwazi silinda yake ikinyimwa mafuta. Hapa haukubadilika kwa silinda yoyote. Hapo konrodi ilikuwa karibu kuachiliwa huru.

Bisibisi ndefu, mpini sikioni, ilionyesha sauti ni kali zaidi mbele, chini. Tukatoa mikanda ya nje na kuwasha kwa muda mfupi. EJ inaruhusu hilo kwa kuwa pampu ya maji huendeshwa na mkanda wa taiming. Sauti ilipungua bila kuisha, kwa hiyo altaneta na kompresa si chanzo. Injini ikazimwa, puli ya krenki ikashikwa kwa mikono miwili: inacheza.

Bolti yake, kichwa cha milimita 22, ilikuwa imelegea. Usiikaze tu na kuondoka. Bolti hiyohiyo ndiyo inayobana gia ya mkanda wa taiming iliyo nyuma ya puli. Ikilegea, kii (kipande kidogo cha chuma kinachozuia gia isiteleze kwenye krenki) huliwa, gia huanza kuyumba, na sensa ya krenki inayosoma meno yake hupeleka habari mbovu kwenye kompyuta. Gia ikiteleza zaidi, valvu hukutana na pistoni. Tulitoa feni za rejeta kupata nafasi, tukafungua kava zote. Kii ilikuwa imeanza kulika, mdomo wa puli umepanuka. Vyote viwili vimebadilishwa. Wakati wa kupanga mkanda, mshale ulio usoni mwa gia ya krenki si alama ya taiming. Alama ni mfuo mdogo ukingoni mwa gia, unaolingana na ule wa pampu ya oili. Krenki ilizuiwa kwa gia ya tano na breki, bolti ikakazwa kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha injini hii. Bunduki ya upepo haipimi kitu.

Mgongano umekwisha.

Imebaki ya tatu: mlio mwembamba, kama kokoto zikitikiswa koponi, gari likipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit kwa gia kubwa. Huo ni mchanganyiko wa petroli na hewa ukiripuka wenyewe ndani ya silinda. Injini hizi zilitengenezewa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida hufika oktani 100. Kazi inayofuata ni sensa ya mgongano (inayosikiliza mripuko huo), ambayo hukazwa kwa Nm 24 (ikikazwa kupita kiasi husoma vibaya), mipira ya intakula (kipoza hewa ya tabo), na plagi. Hadi hapo, mlima huo unapandwa kwa gia ya tatu, mguu mwepesi, tabo isisukume hadi mwisho.