Kori 96 za seva tatu ndogo

Chumba cha seva kazini kwetu zamani kilikuwa stoo ya maboksi ya glovu. Tunauza dawa za jumla hapa Arusha, na matawi yetu ya Moshi na Babati yanasoma stoku kutoka kwenye chumba hichohicho. Mfumo ukizimika saa nne asubuhi, famasi zinapiga simu, karani hajui kama dawa ya presha ipo au imekwisha, na gari la Babati haliondoki. Ninapolinganisha programu za kugawa seva moja iwe mashine pepe nyingi, yaani kompyuta za kiprogramu zinazojitegemea ndani ya seva hiyo, gari hilo ndilo ninaloliwazia.

Tuna seva tatu. Kila moja ina prosesa mbili, na kila prosesa ina kori 8, yaani vitengo vya kuchakata, kwa hiyo jumla ni kori 48. Ndani yake kuna mashine pepe tano: mbili za Windows, yaani stoku na uhasibu, na tatu za Linux. Kwa miaka mingi tulikuwa tunatumia VMware, mojawapo ya programu hizo za kugawa seva, kifurushi cha Essentials kilichowafaa wadogo kama sisi: seva tatu, prosesa mbili kwa kila seva, unanunua leseni mara moja inabaki yako. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua kampuni ya VMware Novemba 2023. Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba leseni za kununua mara moja haziuzwi tena, unalipia kwa kipindi, na hesabu ni kwa kori. Tena kila prosesa inahesabiwa kori 16 hata kama inazo 8. Ukitupigia hesabu hiyo tunalipia kori 96, ilhali tunazo 48.

Leseni ya zamani ingeendelea kufanya kazi, lakini toleo letu, la 7, lilikuwa linafikia mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 2 Oktoba 2025. Kukaa na seva ya biashara isiyopata viraka vya usalama sikukubali hata kidogo. Hata hivyo, VMware ni programu imara, na kazi hii nimejifunzia humo. Mwenye mashine pepe mia mbili na timu iliyoizoea anaweza kukuta kuhama kunamgharimu kuliko kubaki. Sisi tunazo tano, na fundi ni mimi peke yangu.

Nilichukua seva ya akiba nikaanza kujaribu, na swali langu lilikuwa moja: seva ikifa, nani ataifufua na kwa dakika ngapi? Orodha za sifa zinazosambazwa na wauzaji sikuzitumia, kwa sababu vitu vingi vilivyomo hatutavigusa kamwe.

Hyper-V, programu ya Microsoft ya kugawa seva, inakuja ndani ya Windows Server, huinunui peke yake. Kama ofisi yako yote ni Windows na fundi wako amekulia humo, anzia hapo, wala usihangaike. Ila shika hesabu ya leseni. Windows Server Standard moja inaruhusu mashine pepe mbili za Windows kwenye seva ambayo kori zake zote zimelipiwa, na kima cha chini ni kori 16 kwa seva. Ukitaka mashine hizo ziweze kuhamia seva nyingine, nayo iwe na leseni yake. Hili halibadiliki hata ukihamia Linux! Nimeongea na wenzangu kadhaa walioamini kwamba programu ya bure ya kugawa seva inaifanya na Windows iliyo juu yake iwe bure. Sivyo.

XCP-ng, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ya wale Wafaransa wa kampuni ya Vates, kule Grenoble, niliipenda. Imejengwa juu ya Xen, teknolojia ileile ambayo Amazon walianza nayo kukodisha seva mwaka 2006, na mfumo wake wa nakala rudufu umetulia. Kama isingekuwa programu ya tatu, Proxmox, ningebaki hapo.

Proxmox inatoka Vienna, Austria, tangu 2008. Chini yake ni Debian, aina mojawapo ya Linux, ambayo naijua, na KVM, kifaa cha kuendeshea mashine pepe ambacho kimo ndani ya kiini cha Linux tangu 2007. Unaweza kuitumia bila kulipa, na ukitaka masasisho yaliyopimwa zaidi unalipia kwa mwaka, kwa idadi ya prosesa. Ya kori hawaulizi. Kwetu ni prosesa 6. Nilimshauri bosi tulipie, kwa sababu kitu kinachobeba stoku yote ya kampuni hakifai kutegemea ukarimu wa watu.

Kuhamisha zile za Linux hakukuwa na habari. Mashine ya stoku, yenye Windows, ndiyo iliyokula Jumamosi yangu. Niliileta, nikaiwekea diski ya aina ya VirtIO, iliyotengenezwa mahususi kwa mashine pepe, kwa sababu ina kasi, ikagoma kuwaka: skrini ya buluu, diski haionekani. Sababu ni kwamba Windows haina draiva ya VirtIO, yaani programu ndogo ya kuitambua diski hiyo, mpaka uiwekee mwenyewe. Dawa yake ni hii: iwashe kwanza kwa diski ya SATA, aina ya kawaida ambayo Windows inaijua, ongeza diski ndogo ya pili ya VirtIO, sakinisha draiva, zima, kisha badilisha diski kuu. Kadi ya mtandao nayo ni mpya machoni pa Windows, kwa hiyo anwani ya IP uliyoiweka kwa mkono inapotea. Iandike kabla hujazima chochote. Na programu yetu ya uhasibu leseni yake imefungwa kwenye anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, ikabidi niinakili ile ya zamani herufi kwa herufi. Dada wa uhasibu alikuwa amenikumbusha tangu Jumatano, Mungu ambariki.

Kilichonishawishi kabisa ni Proxmox Backup Server, programu yao ya nakala rudufu. Baada ya nakala ya kwanza inatuma vipande vilivyobadilika tu, hivyo kila usiku nakala zetu zinakwenda Moshi kwa intaneti ya kawaida ya ofisi, na asubuhi zimeshafika. Zaidi ya hapo, seva zenyewe zinanakiliana kila dakika 15. Hapo ujue unachokubali: seva ikifa ghafla unaweza kupoteza mauzo ya dakika 15. Nilimweleza bosi hivyohivyo, naye akasema karani ataweka risiti za karatasi kando.

Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wewe ukiwa likizo?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika hatua zote kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa kabati la seva, na Jumapili moja nikamwita kijana wa mafunzo kwa vitendo, ambaye Proxmox alikuwa ameiona kwa wiki mbili tu. Nikachomoa waya wa seva ya kwanza, nikakaa kwenye kiti nje ya mlango nikiwa na saa ya simu. Sikumwambia neno. Stoku ilirudi baada ya dakika 52. Tulirudia mwezi uliofuata, ikawa 31. Karatasi sasa ina hatua 14, na ile ya tisa, ya kuhakiki tarehe ya nakala kabla ya kuirejesha, aliiongeza yeye kwa kalamu.