Siku moja kwenye jengo la nyani wa utafiti: hofu huingia kwa mlango

Hapa Kenya nyani na tumbili wamekuwa wakisaidia utafiti wa magonjwa kwa miongo mingi. Kichocho ni mfano mzuri, kwa sababu nyani huambukizwa vimelea vyake hata porini. Mengi huandikwa juu ya matokeo ya utafiti huo, lakini machache juu ya wahudumu wa jengo. Siku yao hupita namna hii.

Saa 12:15 asubuhi

Kazi ya kwanza ni kusikiliza. Mhudumu husimama koridoni kama dakika kumi kabla ya kugusa komeo. Kundi lenye amani lina miguno yake mifupi. Ukimya usio wa kawaida, au mmoja anayepiga kelele peke yake, mara nyingi ni dalili ya ugomvi wa usiku.

Kisha anachungulia dirishani. Nani hajashuka kwenye ubao wake? Chakula cha jana kimebaki kiasi gani? Kinyesi kimelainika? Haya yafanyike kabla ya kuingia, maana nyani huficha ugonjwa: akimwona mtu hujikaza na kukaa wima.

Mkazo nao una alama zake. Dume akipiga miayo mfululizo huku akitoa meno, si kwamba ana usingizi. Ana wasiwasi au anatisha. Kujikuna kila mara ni vivyo hivyo. Kibaya zaidi ni mnyama kuzunguka njia ileile bila kuchoka, kujinyonyoa manyoya, au kujiuma mkono. Hayo huonekana sana kwa waliokaa peke yao muda mrefu. Huandikwa siku hiyohiyo, na ukubwa wa kila sehemu yenye upara huandikwa pia.

Saa 1:00

Ovaroli, buti, glovu jozi mbili, barakoa na ngao ya uso. Asiyeona umuhimu wake akumbuke mwaka 1967, tumbili waliotoka Uganda walipofikisha virusi vya Marburg kwenye maabara za Ujerumani na Belgrade: watu 31 waliugua, 7 wakafa. Na ulinzi una pande mbili, kwani kifua kikuu cha mhudumu kinaweza kumaliza kundi zima. Anayekohoa haingii.

Saa 2:00

Hii ndiyo saa ngumu. Leo nyani watano wanatolewa damu. Hawajala tangu jana jioni, kwa sababu mnyama aliyeshiba akitapika chini ya dawa anaweza kuvuta matapishi mapafuni.

Kila kitu huandaliwa nje ya chumba: sindano zilizokwisha kujazwa, mizani, pamba, vichupa vyenye majina. Ukuta wa nyuma wa kizimba huvutwa mbele polepole, unasimamishwa, unavutwa tena, hadi mnyama akae karibu na nondo bila kubanwa. Ukivutwa kwa pupa, vidole au mkia hunaswa, au mnyama huuma nondo na kuvunja chonge. Usimkazie macho, kwake huo ni uchokozi.

Kipimo cha ketamini, dawa ya kumlaza mnyama, ni miligramu 10 kwa kilo. Jike la kilo 12 huhitaji miligramu 120; kwa dawa yenye miligramu 100 kwa mililita, hiyo ni mililita 1.2. Sindano huingia kwenye msuli wa mbele wa paja, mbali na mshipa mkubwa wa fahamu unaopita nyuma. Baada ya dakika 3 hadi 5 analegea. Macho hubaki wazi, hivyo hupakwa mafuta ya macho yasikauke. Damu hutolewa kwenye mshipa wa kinenani.

Hapa ndipo data nyingi huharibika. Kotisoli, homoni ya mkazo, huanza kupanda dakika chache tu baada ya hofu kuanza, na hofu huanza mlango unapofunguliwa, si sindano inapochoma. Kwa hiyo saa huwashwa mlangoni, na dakika hadi damu kupatikana huandikwa kwenye fomu. Nyani wa tano amekwisha kuwasikia wanne waliomtangulia. Kama kila wiki huwa yeye wa mwisho, atasomeka kama mnyama mwenye mkazo wa kudumu, kumbe ni foleni yetu. Ndiyo maana mpangilio hubadilishwa kila wiki.

Kotisoli haipandi peke yake. Sukari ya damu nayo hupanda, na kati ya chembe nyeupe za damu, limfosaiti hupungua na nyutrofili huongezeka, hata daktari akadhani kuna maambukizi. Na saa isibadilike: kotisoli huwa juu asubuhi na kushuka jioni, hivyo sampuli ya saa 2 hailinganishwi na ya saa 9 alasiri.

Saa 4:30

Wanalazwa ubavu, kila mmoja peke yake, mahali penye joto. Hakuna kumrudisha kundini anayeyumba, wenzake humshambulia. Akipanda ubao bila kuteleza, arudi.

Saa 5:00

Usafi. Wanyama huhamishwa kwanza. Kumwagia mpira wa maji kizimba chenye mnyama ni ukatili, hasa baridi ya Julai.

Kuhusu nafasi, maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2010 yanataka eneo la nyani aliyekomaa lisipungue mita 7 za mraba na kimo cha mita 1.8. Kimo kina maana yake: aliyeogopa hukimbilia juu, na akikosa juu hana pa kwenda. Mbao za kukalia ziwe nyingi, ili dume mkubwa asizimiliki zote.

Saa 8:00 mchana

Mafunzo, dakika 10 kwa kila mnyama. Filimbi inalia, njugu inatolewa. Kwanza anajifunza kugusa kijiti, kisha kukaa mahali, kisha kuegemeza paja kwenye nondo, kisha kuvumilia bomba lisilo na sindano. Huchukua wiki nyingi, na ukimchoma siku moja kwa hila unaanza upya. Lakini anayeleta paja mwenyewe hahitaji kubanwa, na damu yake ni ya kuaminika zaidi.

Tumbili aliyekuwa peke yake sasa yuko siku ya sita kando ya jirani mpya, wavu katikati. Wamechambuana manyoya kupitia wavuni mara mbili. Kesho lango litafunguliwa kwa muda wa saa moja, watu wawili wakitazama.

Saa 10:00

Chakula kavu huwekwa sehemu nyingi kuliko idadi ya wanyama, la sivyo wa cheo cha chini hawali. Gunia lililopitwa na muda halitumiki: vitamini C huharibika, na nyani, kama sisi, hawezi kuitengeneza mwilini. Mwisho, mtama hunyunyizwa kwenye maranda ya mbao, wautafute hadi jioni.

Saa 12:00 jioni

Komeo, kufuli, hesabu ya vichwa. Vizimba vinne vinatundikwa kadi nyekundu: wasipewe chakula hadi watolewe damu kesho, maji wapewe. Aliyekuwa wa mwisho leo, wiki ijayo atakuwa wa kwanza.