"Wifi, Unamsema Nani?"

Binamu yangu ana dagaa wa Kigoma, wasafi, hawana hata punje ya mchanga, na hataki kuwatangaza. Juzi kaniuliza, "Dada, kwani lazima kila anayenijua ajue nauza?" Nikakumbuka mwaka 2018.

Wakati ule nilikuwa nachukua khanga Mtaa wa Uhuru na kuzitembeza maofisini. Goti likaanza kunisumbua. Mtoto wa dada akasema tuziweke stetasi ya WhatsApp, nikakataa. Kumuuzia mtu nisiyemjua sikuona tabu. Tabu ilikuwa wakwe, niliosoma nao, na ustadhi aliyenifundisha madrasa, wote wanione natafuta wateja.

Jioni moja akatandika shuka jeupe kitandani, akaikunjua khanga hadi mji wake, ile sehemu ya katikati, ukaonekana wote. "Mama mdogo, watu wananunua jina," akasema, akivuta kitambaa taratibu mpaka maandishi yakanyooka: MDHANIAYE NDIYE SIYE. Akafungua pazia, akapiga picha, akanipa simu nibonyeze mwenyewe. Moyo ulinidunda. Nilimuwaza mama mkwe, nikamuwaza ustadhi, nikabonyeza.

Hata magharibi haijaadhiniwa, wifi akaandika: "Wifi, unamsema nani?"

Nguvu ziliniisha. Maneno ya khanga yakikaa stetasi peke yake ni kijembe, na kila anayeyasoma anajitafuta humo. Mtoto wa dada akachukua simu, akaongeza picha za doti nyingine, na chini ya kila moja akaandika: "Doti 12,000, bodaboda analeta." Nami nikamjibu wifi, "Simsemi mtu, wifi yangu. Ni biashara." Akakaa kimya mpaka tumeshakula. Kisha akaandika, "Basi niwekee hiyo ya kwanza."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Nilikuja kuelewa kwamba stetasi haionekani mpaka wewe uwe na namba ya mtu na yeye awe na yako, kwa hiyo kila aliyenunua nilimwomba, "Nisevu." Picha inakaa saa 24 tu, nikazoea kuweka mpya kila asubuhi. Mizigo ya Tanga na Morogoro ikawa inapanda basi.

Binamu nitamwambia aandike bei tangu siku ya kwanza, ili asije akaulizwa anamsema nani. Kuhusu hao wanaomjua, sina jibu zuri. Ndio walioninunulia mwanzo, wakaniletea wengine. Ila yupo mmoja tuliyesoma naye, kila siku namwona kwenye orodha ya waliotazama. Hajawahi kununua, hajawahi kuuliza bei. Tukikutana msibani tunakumbatiana, ananiuliza watoto, ananiuliza goti. Khanga haitaji, na mimi sijapata ujasiri wa kumuuliza kama anavipenda vitu vyangu au ananichunguza tu.