Rangi ya kijani kwenye hedi

Zamu imeniua na bado usingizi hauji. Jambo lenyewe dogo: Jumanne fundi alisema maneno matatu, akaenda kuswali, akaniachia mzigo.

Mnaofuata habari za Toyota Celica ya marehemu Mzee, baba yangu, mnajua ilikuwa inakunywa maji bila kudondosha hata tone chini. Kaka akasema iuzwe. Mimi nikasema gari ya 1991 ukishaiuza hupati nyingine, maana tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15. Mvutano ule sirudii. Mwishowe nikaipeleka Walukuba, Jinja, kwa yule babu fundi asiyepokea simu, na Jumanne nilipotoka hospitali nikakuta ameshatoa kemshafti zote mbili, mihimili ya juu inayofungua vali.

"Binti Afande, njoo uone kabla sijalegeza."

Bolti za hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ziko kumi. Kila moja ilikuwa na doa la rangi ya kijani, na madoa yote yameangalia upande mmoja, sawasawa, kama askari kwenye gwaride. Kisha akaniinamisha na tochi nitazame chini ya injini. Huko sampu, bakuli la oili, ilikuwa imezungukwa na silikoni nyekundu, nene, imefura nje mpaka imeganda kwa matone.

"Hii wameifungua watu wawili," akasema. "Mmoja fundi, mmoja mwenye gari."

"Yupi kafanya ipi?"

"Kwani wewe huoni?"

Ikaadhiniwa alasiri. Akachukua birika lake, basi.

Niliona nilichokuwa naogopa kukiona. Mzee alikuwa dereva wa jeshi, si fundi. Tumekulia kota tukimwona amelala chini ya gari hilo kila likizo, injini imetandazwa kwenye turubai, majirani wakipita wanauliza kama bado anatafuta kilichopotea. Kaka mpaka leo anaiita gari ya kujifunzia. Kwa hiyo silikoni ile nikasema ni kazi ya Mzee, mwenye gari. Na ndiyo silikoni inayoua. Si kwamba haitakiwi. Toyota wenyewe hufunga sampu ya injini hii, 3S-GTE, kwa silikoni badala ya gasketi. Shida ni wingi. Ile inayofura nje hufura na ndani vilevile, inakatika vipande, vinaziba chujio la oili, na beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, zinakauka huku wewe unaendesha unaimba.

Kwani wewe huoni. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Alikuwa ananihurumia? Alikuwa anamcheka Mzee mbele ya bintiye? Aliponiita Binti Afande sauti ilikuwa ya heshima, lakini babu yule humwita hata mbuzi wake kwa heshima. Wiki hii baba watoto kapata barua ya uhamisho kwenda Gulu, shangazi katoka wodini anatembea, na mimi niko jikoni nauliza masufuria kama sioni.

Alhamisi usiku nikampigia Mama. Sikutaka kumwambia kitu, niliuliza tu kama anakumbuka rangi yoyote ya kijani pale kota.

"Ya dirisha langu!" Akaanza kucheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Kumbe alinunua kopo la kumalizia dirisha la jikoni, Mzee akalichukua pamoja na brashi, akarudisha brashi imejaa grisi. Dirisha likabaki nusu kijani nusu mbao hadi tulipohama. Na akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mwaka huohuo Mzee alibeba bloku ya chuma tupu kwenye taksi hadi Kampala kwenda kuchongwa silinda, akailipia nauli ya abiria, na konda akamuuliza kama huyo mwenziwe anashukia wapi.

Ijumaa nikarudi Walukuba mapema, nikauliza moja kwa moja. Babu akashangaa kwamba bado nauliza.

Akanieleza. Bolti za hedi hiyo hukazwa kwa hatua kwa spana ya kipimo. Zikifika kipimo, unatia rangi upande wa mbele wa kila bolti, kisha unaizungusha zaidi nyuzi 90. Ukimaliza, rangi zote zinatakiwa ziwe zimetazama pembeni. Ikibaki moja inayotazama mbele, hiyo uliisahau. Ndivyo kitabu cha Toyota kinavyosema. "Hapa mtaani tunakaza mpaka mkono ukatae," akasema, na nadhani alikuwa anajisema na yeye kidogo. Hedi ilikuwa imeshatoka, akafuta masizi juu ya pistoni: imeandikwa 0.50, yaani imezidi ile ya kiwandani kwa nusu milimita. Silinda ilitoka kiwandani na milimita 86, sasa ni 86.5. Maana yake kadi ya gari inasema ujazo wa injini ni sisi (cc) 1,998 na ukweli ni kama 2,021. Mzee, aliyeitaka Celica tangu Ian Duncan alipoitumia kushinda Safari Rally 1994, alikuwa na sisi ishirini na ushee za ziada na hakumwambia mtu!

Nilicheka peke yangu. Kisha babu akakwangua silikoni kwa ukucha kwenye bolti mojawapo ya sampu. Chini ya wekundu, kijani.

Kwa hiyo rangi ni ya Mzee, na silikoni ni ya fundi aliyekuja baadaye. Na baadaye ni wakati gani, najua: ni baada ya mgongo, Mzee alipokuwa hawezi tena kulala chini, Kaka akaipeleka gari kwenye gereji moja ya mjini ikarudi imeoshwa inang'aa. Tuliona furaha tupu. Lakini kuanzia hapo Mzee alikuwa akitoka na fimbo yake kila asubuhi, anachomoa kijiti cha oili, anakinusa, anakisugua kati ya vidole, anakirudisha. Tulisema ni mazoea ya jeshi. Alikuwa anatafuta chembe za chuma kwenye oili, dalili ya beringi kuliwa. Hakumlaumu Kaka hata siku moja, na mimi sijui kama nitamwambia Kaka. Leo sitaki. Akiuliza nitamwambia habari ya nauli ya bloku.

Chujio la oili lilikuwa limezibwa na nyuzi nyekundu za silikoni karibu nusu. Beringi za krenki babu atazifungua Jumatatu, ndipo tutajua kama kijiti kilitosha.

Halafu kuna hili jingine: shule imefungwa tangu Ijumaa na binti yangu hajanionyesha ripoti. Nimemuuliza, anasema iko kwenye begi. Begi lenyewe silioni.