Usiku Kaka Yangu Aliposoma Riwaya ya Monk

Kitabu kilinifikia kimeshapita mikono mitatu. Jalada lilikuwa limekunjika kona, na ukurasa mmoja ulikuwa na doa la chai lililofika hadi pembeni, ambalo shangazi aliniomba radhi kabla hata sijaliona. Ilikuwa mwaka 2006, Oakland, ng'ambo ya ghuba ukitokea San Francisco. Tulikuwa watu sita wenye desturi ya kukutana Jumamosi moja kila mwezi sebuleni kwa shangazi. Tulisoma riwaya moja ya Kiingereza, kisha tukaijadili kwa Kiswahili. Shangazi hakuwa ndugu wa damu kwa yeyote kati yetu, lakini ndilo jina tulilompa, naye alilibeba kwa haki zake zote, ikiwemo haki ya kumnyamazisha mtu anayeongea sana.

Zamu ile riwaya iliyochaguliwa ilikuwa Mr. Monk Goes to the Firehouse ya Lee Goldberg, iliyotoka Januari mwaka huohuo. Ilikuwa ya kwanza kutungwa kutokana na mfululizo wa televisheni wa Monk, ambao karibu sote tulikuwa tukiufuata tangu ulipoanza mwaka 2002. Adrian Monk alikuwa polisi mpelelezi wa San Francisco, mkewe Trudy akauawa kwa bomu ndani ya gari, naye akasambaratika. Anaogopa vijidudu, anaogopa maziwa, anaogopa kimo, na orodha haiishi hapo. Lakini mpeleke mahali palipotokea mauaji, ataona kile ambacho polisi wote wamekiruka.

Mimi nilikisoma kitabu kile ndani ya treni ya BART, asubuhi na jioni, na nilipokaribia nyumbani nilikitumbukiza mkobani chini ya sweta. Sikutaka kaka yangu akione.

Kaka alikuwa akiishi nami mwaka wa pili sasa. Daktari aliutaja ugonjwa wake kwa herufi tatu za Kiingereza, OCD. Sisi tangu utotoni tuliuita wasiwasi. Kila usiku kabla ya kulala alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, na mimi kitandani nilihesabu pamoja naye bila kutaka. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji ya moto na sabuni, ngozi imekauka ikawa na mistari myekundu kama ramani ya mito. Vikombe alivipanga kabatini mikono yote ikiangalia upande mmoja. Ukirudisha kimoja vibaya hasemi neno, lakini saa nane za usiku unasikia kabati likifunguliwa taratibu.

Pale kwa shangazi hakuna aliyejua. Walijua nina kaka, walijua hatoki sana. Basi.

Jumamosi yenyewe ilipofika, kijana wetu wa chuo kikuu ndiye aliyefungua mjadala, na alifungua kwa lawama.

"Fumbo lenyewe ni jepesi," alisema. "Mimi muuaji nilishamhisi kabla sijafika katikati. Riwaya ya upelelezi ikishafanya hivyo, inabaki na nini?"

"Inabaki na Monk," shangazi akamjibu.

Tulirudia kisa, kama ilivyokuwa kawaida yetu, kwa faida ya aliyekuwa hajamaliza. Jengo analoishi Monk linapuliziwa dawa ya mchwa, kwa hiyo anahamia kwa muda nyumbani kwa msaidizi wake, Natalie Teeger, mjane anayemlea binti yake Julie. Wakati huohuo, katika kituo cha zimamoto, mtu amemuua Sparky, mbwa wa madoadoa anayependwa na wazimamoto na watoto wa mtaa. Julie anamwomba Monk amtafute muuaji. Usiku uleule karibu na kituo, mama mzee amekufa katika moto ulioonekana kuwa ajali, na Monk ndiye anayeviunganisha vifo viwili.

Kuhusu mbwa palizuka ubishi ambao sikuutarajia. Julai mwaka ule kisa kilikuwa kimerudi kwenye televisheni: Goldberg na mwenzake William Rabkin walikiandika upya kama kipindi cha mfululizo, mahali pa mbwa wakamweka mzimamoto mzee, na Monk mwenyewe akapofushwa macho na muuaji. Kijana alisema kipindi kilikuwa bora kwa sababu kina uzito. Mtu ameuawa, si mnyama. Shangazi alikataa katakata. Alisema mtoto anayelilia mbwa wake hana mpelelezi duniani wa kumsikiliza, na yule anayeogopa hata kugusa kitasa cha mlango ndiye aliyekubali. Kwake riwaya nzima ilisimama hapo. Nilikubaliana naye, na hadi leo nakubaliana. Mauaji ya mtu yana polisi wake. Mbwa hana mtu, na ndiyo maana kukubali kwa Monk kunatuonyesha moyo wake kuliko kesi kumi za matajiri waliouana.

Mzee wetu, aliyeendesha teksi San Francisco miaka mingi, hakuwa na haja na mbwa wala fumbo. Yeye alifurahia barabara. Alitueleza kwamba mfululizo ule unajidai ni wa San Francisco, lakini kipindi cha kwanza kabisa kilipigwa Vancouver, msimu wa kwanza ukapigwa Toronto, na baadaye kazi ikahamia Los Angeles. Alikuwa akitazama na kugombana na televisheni: kona ile haipo, mlima ule si wetu. Ndani ya riwaya, Natalie anakaa Noe Valley, na Mzee alisema alipomfuata barabarani hakupotea hata mara moja. "Mwandishi hahitaji kamera," alisema. "Akiutaja mtaa, mimi mwenyewe naujenga."

Mmoja wetu, mama wa watoto wawili ambaye kwa kawaida husema maneno matatu jioni nzima, alisema bado hajamkubali Natalie. Alimtaka Sharona, yule muuguzi aliyekuwa msaidizi wa Monk mwanzoni, akaondoka katikati ya msimu wa tatu wa mfululizo. Natalie aliingia Januari 2005, na huyu mama alikuwa bado anamnunia. Hapo tulipita haraka.

Kisha akaongea dada muuguzi. Alikuwa ametoka zamu, viatu vyeupe bado miguuni, na kitabu alikishika kimefungwa.

"Mimi sikukimaliza," alisema. "Nilifika pale Monk anapoingia nyumbani kwa watu na masharti yake, na kila sharti limeandikwa ili nicheke. Ule ni ugonjwa. Wodini nawaona. Hatumcheki mtu wa kisukari akihesabu sindano zake. Huyu kwa nini tumcheke?"

Hakuna aliyejibu. Mzee alitazama kikombe chake. Kijana alianza kusema kwamba ni hadithi tu, shangazi akamkata kwa jicho. Halafu shangazi akanigeukia, kwa sababu nilikuwa sijasema kitu.

"Na wewe mwanangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema habari ya usimulizi. Nilikuwa na karatasi. Nilitaka kueleza kwamba kwenye televisheni tunamtazama Monk kwa nje, lakini Goldberg amempa Natalie hadithi yote aisimulie kwa nafsi yake, kama Watson anavyomsimulia mpelelezi Holmes, kama Hastings anavyomsimulia mpelelezi Poirot. Nilianza hivyo, na nadhani nilisema vizuri kiasi. Lakini nilipomtazama dada muuguzi, karatasi ikaniishia.

"Dada, mimi naishi na Monk," nilisema. "Ni kaka yangu. Anafunga mlango mara saba."

Niliwaeleza. Niliwaeleza vikombe, niliwaeleza bomba linalomwaga maji usiku wa manane, na jinsi ninavyolala nikiwa na hasira, nikaamka na aibu kwa sababu ya ile hasira. Nikawaambia kwamba nilipomsoma Natalie akilalamika kuhusu malipo yake madogo na nyumba yake iliyogeuzwa, kisha ukurasa unaofuata akiwa tayari kumrukia mtu yeyote anayemdharau Monk, nilishuka kituo ambacho si changu kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa. Kicheko cha Natalie si cha mtu aliye dirishani. Ni cha mtu aliye ndani ya nyumba, anayejua kwamba asipocheka leo atapiga kelele, na kelele itamuumiza mgonjwa. Nilisema kwamba mwandishi angemweka msimulizi wa mbali, dada muuguzi angekuwa na haki kamili. Lakini sauti ile ilikuwa yangu. Sikuwahi kuisikia kwingine.

Dada muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja, kwa upole sana.

"Na yeye kaka yako, amekisoma?"

"Hapana. Namficha."

"Basi mdogo wangu, hilo ndilo linalonisumbua na hiki kitabu. Sisi tunaocheka tumekisoma. Wao je?"

Nilirudi nyumbani na swali lile. Kaka alikuwa jikoni anakausha sufuria. Nilivua viatu mahali pake panapotakiwa, nikatoa kitabu chini ya sweta, nikakiweka mezani. Nilimwambia ni hadithi ya mpelelezi mwenye wasiwasi, kwamba watu huko nilikotoka wamegombana juu yake, na kwamba nilikificha mwezi mzima kwa kuogopa atadhani namcheka.

Alikitazama bila kukigusa. Aliliona doa la chai pembeni mwa kurasa na uso ukamkaza. Akaenda kunawa. Nilihesabu, nikajikataza kuhesabu. Aliporudi alikuwa na kitambaa safi, akakishikia kitabu kwa kitambaa, akaketi chini ya taa.

Mimi sikulala. Nilikaa kitandani mlango ukiwa wazi kidogo, nikisikia kurasa zikifunuliwa. Mara moja alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipohamia kwangu. Nilitaka kutoka mbio nimuulize ni wapi, nikajizuia. Baadaye kidogo akacheka tena.

Ilipata saa saba alipogonga mlango wangu.

"Ule ukurasa wenye doa nimeuruka," alisema. "Nitaomba unisomee wewe."

"Sawa kaka. Na kingine?"

Alikaa pembeni mwa kitanda, jambo asilolifanya, kwa sababu shuka zangu hazikunjwi anavyotaka yeye. Alisema Monk anamfurahisha, lakini si mkweli wote. Alisema mwandishi anamwonyesha Monk akisafisha kana kwamba kusafisha kunampa raha, anatulia, uso unang'aa. "Si hivyo. Mimi sioshi vikombe kwa kupenda usafi. Naosha ili kitu fulani kichwani kiniache, nacho hakiniachi. Kinaniacha dakika mbili, kinarudi." Alivitazama vidole vyake. "Mtu akisoma hiki atadhani tunafurahi."

Nilimwambia hilo nitalipeleka kwa shangazi mwezi ujao, neno kwa neno. Kati ya maoni yote ya jioni ile, hakuna lililokwenda mbali kama hilo, na tulikuwa sita wenye elimu zetu na viti vyetu, hatukulifikia.

"Na Natalie?" nikauliza. Nadhani sauti ilinitoka kwa woga. "Natalie umemwonaje?"

Alifikiri muda mrefu.

"Natalie ni mzuri," alisema. "Anampenda. Anamtetea kwa watu, anambebea vitambaa vyake, anamgombeza pale anapostahili. Lakini nimefika karibu nusu ya kitabu, na mpaka pale nilipofika hajamuuliza kama amechoka."

Gari lilipita nje, mwanga wake ukazunguka dari na kutoweka. Miaka miwili nilikuwa nimemuuliza kaka yangu kama amekula, kama amemeza dawa, kama amemaliza bafuni, kama mlango sasa umefungwa.

"Kaka," nikasema, "umechoka?"

"Sana," alisema.

Akainuka, akakunjua kitambaa chake, akakikunja upya. Nikamwambia alete kitabu. Tuliuanza ukurasa wenye doa, mimi nikisoma, yeye amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya kitasa.