Rangi ibaki pale inapofanya kazi

Kabla ya kubonyeza, jiulize: nikiondoa rangi hapa, kinabaki nini? Ukiona bado kuna mistari, umbo, kivuli kilichokatika vizuri au uso unaosema jambo, picha nyeusi na nyeupe inawezekana. Ukiona kijivu kitupu, basi rangi ndiyo iliyokuwa picha yenyewe, na kuiondoa ni kuiua. Mapenzi ya mtu yana nafasi yake, na nitayafikia, lakini ni vigumu kujua unachopenda kabla hujajua kila njia inaufanyia nini mwanga.

Kwanza lijulikane hili: kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe ni hesabu. Hesabu moja inayotumika sana huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kwa sababu jicho la binadamu huuona mwanga wa kijani kuwa mkali zaidi ya mingine. Sasa chukua ua jekundu lenye thamani 200 kwenye nyekundu, 40 kwenye kijani na 40 kwenye bluu, ambapo 0 ni giza tupu na 255 ni mwanga kamili. Nyuma yake yapo majani yenye 60, 120 na 50. Kwenye rangi, ua hilo linakurukia machoni. Pitisha hesabu: ua linakuwa 88, majani yanakuwa 94. Tofauti ya hatua 6 karibu haionekani, na ua limezama ndani ya majani. Lakini ukitumia chaneli nyekundu peke yake, yaani sehemu ya faili inayobeba mwanga mwekundu tu, ua linabaki 200 na majani 60, yaani ua jeupe juu ya majani yenye giza. Ukitumia chaneli ya kijani peke yake, ua linakuwa 40 na majani 120, yaani ua jeusi lililozungukwa na kijivu. Faili ni moja, picha ni tatu, na hazifanani hata kidogo.

Ndiyo maana sipendi kabisa kitufe kile kimoja kinachofuta rangi kwa mkupuo. Mtu akisema picha zake hazipendezi zikiwa nyeusi na nyeupe, mara nyingi anaihukumu hesabu ya programu, wala si picha. Fungua sehemu ya kuchanganya rangi, ile yenye vitelezi vya nyekundu, chungwa, njano, kijani, samawati na bluu, uvisogeze kimoja kimoja huku ukitazama kipi kinaachana na kipi. Kwa ngozi, kazi yote iko kwenye chungwa na nyekundu. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, rangi yake hukaa hapo. Kupandisha chungwa kwa 10 hadi 20 huipa ngozi nyeusi uhai na kuonyesha mng'ao wa paji la uso na mashavu. Kukishusha kitelezi hicho huifanya ngozi hiyo ionekane kama imepakwa vumbi. Nyekundu ipande kwa uangalifu, maana ikizidi midomo hupoteza mpaka wake na kuungana na uso. Chaneli ya bluu ni adui wa picha za sura: hutoa kila kipele, kila baka na kila mshipa. Itumie pale tu unapotaka ukali wa namna hiyo, mfano uso wa mzee wenye mikunjo.

Anga ndilo linalowaharibia wengi. Mtu anataka mawingu yatokeze, anashusha bluu hadi 70 au 80 chini ya sifuri, kisha anashangaa kuona utepe mweupe kwenye ukingo wa paa na matawi, pamoja na chenga, yaani vidoa vidogo visivyotakiwa, zilizojaa angani. Sababu ni kwamba unalazimisha sehemu moja nyembamba ya taarifa ibebe tofauti kubwa ya giza na mwanga, na kila kosa dogo lililokuwa limejificha humo linakuzwa. JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa na kamera, huzidisha tatizo: ina hatua 256 tu za mwangaza kwa kila chaneli, ilhali faili ghafi (RAW, yenye taarifa zote za kamera kabla ya kuchakatwa) ya biti 14 ina 16,384. Bluu iishie kwenye 30 hivi chini ya sifuri. Giza linalobaki lipate kwa kuchagua eneo la anga na kulipunguzia mwangaza polepole kutoka juu kwenda chini.

Kwenye filamu, kazi hiyohiyo hufanywa na kichungi mbele ya lenzi, tena kabla ya kupiga. Kichungi cha njano hula takriban stopu 1 ya mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu) na kulishusha anga kidogo tu; cha chungwa hula karibu stopu 2; chekundu kizito, kile namba 25, hula stopu 3 na kulifanya anga la bluu liwe karibu jeusi. Ukiwa na filamu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) na kichungi hicho chekundu, pima mwanga kana kwamba filamu ni ya ISO 12. Ila usikifunge kwenye kamera ya kidijitali ya rangi ukitarajia matokeo yaleyale. Sensa nyingi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, zina nusu ya vitone vyake vinavyopokea kijani, robo nyekundu na robo bluu. Ukiweka kichungi chekundu, robo tatu ya vitone karibu vinakaa bure, na picha inapoteza ukali wake. Piga kwa rangi, kichungi kiwe kwenye vitelezi.

Kwa kamera yenyewe, mpangilio ninaoupendekeza ni huu: hifadhi faili ghafi, kisha weka mtindo wa picha kuwa nyeusi na nyeupe. Kioo kitakuonyesha kijivu unapopanga tukio, lakini faili ghafi inabaki na rangi zake zote. Ukihifadhi JPEG peke yake kwa mtindo huo, rangi imekwenda na hairudi. Kuna mtego mmoja ambao watu hawaambiwi: histogramu ya kamera, ile grafu inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga, huchorwa kutokana na picha inayoonekana kwenye kioo. Ukiwa kwenye nyeusi na nyeupe, chaneli zote tatu zinaonekana sawa, na nguo nyekundu au taa ya jukwaani inaweza kuunguza chaneli nyekundu, yaani kuijaza mwanga hadi ipoteze maelezo, bila wewe kuonywa. Mbele ya rangi kali, rudisha mtindo wa rangi kwa picha moja ya majaribio, angalia chaneli nyekundu, kisha punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya stopu au stopu nzima ikibidi.

Sasa mwanga. Jua la saa sita mchana huzifubaza rangi na kuacha vivuli vyenye ubluu. Kwa nyeusi na nyeupe vivuli hivyohivyo vinageuka kuwa muundo wa picha. Mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni, unaokwaruza ukuta wenye nyufa au kamba iliyosokotwa, nao huongea vizuri bila rangi. Mawingu mazito ni kinyume chake. Watu hudhani siku ya mawingu ni ya picha nyeusi na nyeupe kwa kuwa dunia yenyewe imepauka, na wanapata kijivu juu ya kijivu. Mwanga huo laini ndio unaozipa rangi ukolezo wake: maua, nguo na kuta zilizopakwa hazina mng'ao wa jua wa kuzifunika. Ongeza kichungi cha kuzuia mwako, ukizungushe hadi majani yaliyolowa yaache kuwaka, na kijani kitatoka kwa kina ambacho programu haiwezi kukitengeneza baadaye, kwa sababu mwako ule unaficha taarifa yenyewe.

Kuna mahali ambapo nyeusi na nyeupe ni dawa halali. Ndani ya nyumba yenye dirisha upande mmoja na balbu ya njano upande wa pili, mwanga wa dirisha uko karibu Kelvini 5,500 na wa balbu karibu 2,700 (Kelvini hupima rangi ya mwanga: namba kubwa ni ubluu, ndogo ni uchungwa). Ukirekebisha mizani ya nyeupe, mpangilio unaoiambia kamera mwanga upi uonekane mweupe, kwa dirisha, nusu ya uso inakuwa chungwa. Ukirekebisha kwa balbu, nusu nyingine inakuwa bluu. Hakuna namba moja inayotosheleza zote mbili. Ondoa rangi, mgogoro umekwisha. Vivyo hivyo kwenye ISO 6400 na kuendelea: chenga za rangi, yale madoa ya kijani na zambarau kwenye vivuli, hupotea, na zinazobaki ni chembechembe za mwanga ambazo jicho huzivumilia, hata huzipenda.

Lakini dawa hiyo haitibu kila kitu. Picha iliyokosa fokasi itabaki imekosa fokasi, na mpangilio uliovurugika hautulii kwa kupakwa kijivu. Huo mtindo wa kubakiza kitu kimoja chekundu ndani ya picha iliyofutwa rangi naukataa waziwazi: unamshika mtazamaji kidevu na kumgeuzia kichwa, kazi ambayo mwanga na fremu zilipaswa kuifanya.

Rangi inastahili kubaki pale inapobeba habari au uhusiano. Tunda lililoiva na lisiloiva lazima vitofautike. Machweo yakifutwa rangi hubaki mawingu. Na rangi mbili zinazovutana, mfano mlango wa bluu na mtu aliyevaa njano, ndizo mada yenyewe hata kama mtu huyo hafanyi lolote. Kupiga rangi vizuri ni kupunguza: fremu yenye rangi mbili au tatu hushinda yenye tisa. Kama kwenye kona kuna ndoo ya plastiki yenye rangi kali, sogea hatua mbili au iondoe, kwa sababu jicho litaikimbilia hata ikiwa na ukubwa wa kidole gumba.

Kuhusu mapenzi binafsi, yapimwe. Chagua picha 20 ulizozipenda, kila moja itengeneze kwa njia zote mbili kwa uangalifu uleule, si rangi iliyohangaikiwa dhidi ya kijivu cha sekunde tatu. Zitazame zikiwa ndogo kama stempu, kisha zikiwa zimesafishwa kwa sentimita 10 kwa 15. Chagua moja katika kila jozi na uandike sababu kwa sentensi moja. Sababu kama "inaonekana ya kisanii" au "ya zamani" ifute, kwa kuwa ingefaa picha yoyote. Ziweke kando wiki moja, rudia bila kutazama majibu ya kwanza. Pale majibu mawili yanapokubaliana ndipo penye ladha yako. Wapo watakaogundua kuwa wanataka sura za watu zisizo na rangi na mandhari zenye rangi, na hilo si tatizo mradi mfululizo mmoja ubaki upande mmoja. Picha kumi za kijivu zilizochomekewa mbili za rangi humfanya mtazamaji azione hizo mbili kama makosa.

Hatimaye karatasi. Printa yenye wino mweusi mmoja hutengeneza kijivu kwa kuchanganya pia samawati, majenta na njano, na matokeo huegemea kijani au pinki. Tafuta anayetumia printa yenye wino za kijivu pamoja na nyeusi, na kabla ya saizi kubwa omba kipande cha majaribio chenye weusi mzito, kijivu cha kati na weupe. Kishike karibu na dirisha, kisha chini ya taa ya chumba ambamo picha itatundikwa. Kijivu kikibadilika kati ya sehemu hizo mbili, omba wino au karatasi nyingine. Faili usiiguse, maana rekebisho litakalofaa dirishani ndilo litakaloharibu chini ya taa.