Kuhesabu Kutoka 2050 Kurudi Kipevu

Kila ninaponunua tokeni za umeme, jicho langu huenda kwenye mstari wa risiti unaotaja gharama ya mafuta, na mstari huo hunikumbusha Kipevu. Nimekulia Changamwe, Mombasa, na mitambo ile ya Kipevu ya kuzalisha umeme kwa mafuta mazito ni sehemu ya mandhari ya utotoni mwangu kama vile meli zinazoingia Kilindini. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa hiyo mgeni anayesoma takwimu hiyo anaweza kudhani kwamba safari imekaribia kwisha. Anayekaa Pwani anajua kwamba mvuke huo uko Olkaria, mamia ya kilomita kutoka hapa, na kwamba jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, feni na pasi kwa pamoja, mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai bado huitwa kazini.

Mkataba wa Paris wa 2015 unazihimiza nchi kuandaa mikakati ya muda mrefu ya maendeleo yenye utoaji mdogo wa gesijoto, na mkakati wa Kenya unatazama hadi 2050, mwaka ambao gesi tunazozitoa hazipaswi kuzidi zile zinazofyonzwa na misitu, udongo na mikoko. Namna ya kupanga jambo kama hili si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuandaa harusi: siku ikishawekwa, unahesabu kurudi nyuma, na ghafla unagundua kwamba ukumbi ulipaswa kulipiwa mwezi uliopita.

Ukihesabu hivyo katika umeme, unakutana na mikataba. Mtambo wa umeme husainiwa mkataba wa miaka 20 au 25, na mara nyingi mwenye mtambo hulipwa kwa kuwa tayari, hata siku ambazo hakuzalisha chochote. Mradi wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu, wa megawati 1,050, ulinyang'anywa leseni ya mazingira mnamo Juni 2019, baada ya baraza la rufaa kuona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kama ungejengwa, tungekaribia 2050 tukiwa bado tunaulipa, hata mkakati ungeandikwa kwa ufasaha wa namna gani. Ndiyo maana mimi huona kwamba mpango halisi wa nishati wa nchi umo ndani ya mikataba inayosainiwa sasa, na hati ya kurasa nyingi inayozinduliwa hotelini ni dibaji yake tu.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Usiku wa manane, matumizi ya umeme yanaposhuka, mvuke wa Olkaria hupungukiwa na mtumiaji na sehemu yake huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo wowote, ilhali saa chache kabla yake tulikuwa tukichoma mafuta. Tuktuk, bodaboda na matatu za umeme zingechajiwa saa hizo, umeme huo usingepotea, na mafuta ya magari yanayoshushwa bandarini Kipevu yangepungua. Lakini hilo linadai bei ya usiku iliyo nafuu, vituo vya kuchajia na nyaya za mtaani zinazostahimili mzigo, mambo ambayo ni lazima yaanze kupangwa miaka mingi kabla ya kuonekana barabarani.

Sehemu ngumu iko nje ya umeme kabisa. Nishati nyingi inayotumika Kenya ni kuni na makaa, na magunia yanayopangwa kando ya barabara za Mombasa hayatatoweka kwa sababu gridi imekuwa safi. Mama wa viazi karai ataacha makaa siku atakapoweza kununua gesi au umeme kidogo kidogo, kwa kiasi kile kile anachoweza kulipa kwa siku. Saruji nayo ina fumbo lake. Wazee waliojenga Mji wa Kale wakichoma mawe ya matumbawe tanurini kupata chokaa walikuwa wakifukuza hewa ukaa iliyomo ndani ya jiwe lenyewe, na kiwanda cha kisasa hufanya vivyo hivyo. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe wala si kwenye moto, kwa hiyo hata tanuri la umeme wa jua lisingeimaliza. Hapo ndipo mikoko ya Gazi au ya Tudor huingizwa kwenye hesabu, na ningependa iingizwe kwa uangalifu, maana mkoko mmoja hauwezi kufuta deni la kila anayeutaja.

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati ili uunganishwe na ule wa kitaifa. Katika mpango wa Mombasa nitatafuta kwanza ukurasa wa makaa ya kupikia, kisha ule unaosema mitambo ya mafuta itazimwa mwaka gani na ni kitu gani kitakachobeba jioni zetu badala yake.